Tornado imeupiga mji anaosoma binti yangu Marekani: familia ijipange vipi ili kujua kama ndugu aliye mbali yuko salama?

Mama wa Nkuhungu aliandika:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Binti yangu yuko masomoni St. Louis, katika jimbo la Missouri, na tangu tornado, yaani upepo mkali mno unaozunguka, ilipoupiga mji huo tarehe 16 Mei 2025, suala la kujuliana hali limekuwa mjadala usiokwisha nyumbani kwetu hapa Dodoma. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Kule ilikuwa kama saa nane na dakika 40 mchana, nasi huku ilikuwa inakaribia saa tano usiku, wakati ambapo watu wa nyumba yetu wengi wameshalala. Habari ilitufikia kupitia kwa shemeji yangu aliyeko Mwanza, ambaye alirusha video ya nyumba zilizobomoka katika kundi la ukoo kabla ya kuuliza kama tumeshaongea na mtoto. Nilipopiga, simu haikuita kabisa. Nilipotuma ujumbe wa WhatsApp, ulibaki na tiki moja ya kijivu hadi alfajiri.

Namshukuru Mungu, binti alikuwa mzima. Mtaani kwao umeme ulikatika na simu yake ikaisha chaji, ikabidi aende kwa rafiki anayeishi upande mwingine wa jiji, ambako taa zilikuwa zinawaka na watu wanaendelea na shughuli zao kama vile hakuna lililotokea. Jambo hilo bado linanishangaza, kwa sababu video tulizoziona zilitufanya tuamini kwamba mji mzima umelala chini.

Ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu. Katika saa chache za mwanzo, familia iliyo mbali kiasi hiki inapaswa kumtafuta nani, na kwa njia gani? Ni mambo gani yanayofaa kuandaliwa mapema? Baba yake anataka binti ahamie mji mwingine, nami sijui kama kuna mji wa kule usiofikiwa na tornado. Tena jambo hili lina upande wa pili: mama yangu mzazi anaishi Mpwapwa peke yake, na msimu uliopita upepo wa mvua za kwanza ulipoezua mapaa ya majirani zake, ni binti huyu huyu aliyehangaika kutoka Marekani kumtafuta bibi yake kwa simu asimpate. Kwa hiyo tunahitaji utaratibu utakaofaa kwa pande zote mbili.

Mkondoa wa Nashville alijibu:

Shikamoo mama, na pole sana kwa usiku ule. Mimi ni mwenyeji wa Kondoa ninayeishi Nashville, Tennessee, na nilikuwapo tornado ilipopita hapa muda mfupi baada ya saa sita usiku, kuamkia tarehe 3 Machi 2020. Watu 25 walifariki katika jimbo letu usiku ule, wengi wao wakiwa Cookeville na vitongoji vyake, mashariki ya Nashville. Nyumbani Kondoa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, watu wote wako macho na redio zinasema, huku sisi tukiwa gizani hatujui hata mtaa wa pili umepatwa na nini. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba mara nyingi aliye mbali huona picha za maafa kabla ya aliye ndani yake.

Kwanza tiki moja. Maana yake ni kwamba simu ya mpokeaji haijaupokea ujumbe, basi. Haisemi lolote kuhusu mwenye simu. Tornado huangusha nguzo za umeme na minara ya simu, na minara inayobaki hubebeshwa mzigo wa mji mzima wakati kila mwenye ndugu anapiga kwa mara moja. Simu ya sauti huhitaji njia iwe wazi muda wote wa mazungumzo, lakini ujumbe mfupi wa kawaida, ule usiotumia bando la intaneti, huhitaji nafasi ndogo sana, na usipopita mara ya kwanza mtandao huendelea kuujaribu. Kwa hiyo mwagizeni binti kwamba, likitokea jambo, atume kwanza ujumbe mfupi mmoja wa kawaida kwa mtu mmoja tu: niko salama, nipo mahali fulani, nitawatafuta tena saa fulani. Mtu huyo mmoja ndiye atakayewajulisha Mwanza, Mpwapwa na kwingineko. Watu kumi wakimpigia mtu mwenye asilimia saba ya chaji, wanaimaliza chaji hiyo kabla hajapata nafasi ya kumwita jirani au gari la wagonjwa.

Pili, mama, ninakusihi uwe na anwani yake kamili kwenye karatasi, pamoja na jina la kaunti, yaani eneo la utawala lililo ndani ya jimbo. Maonyo ya hali ya hewa huku hutaja kaunti, na vyombo vya habari hufuata hivyo hivyo. Kwa St. Louis kuna jambo linalowachanganya hata wenyeji: Jiji la St. Louis na Kaunti ya St. Louis ni maeneo mawili tofauti kiutawala, kwa kuwa jiji lilijitenga na kaunti tangu karne ya 19. Ukisikia kaunti imepewa onyo, usihitimishe kwamba jiji nalo limo, na vivyo hivyo kinyume chake.

Tatu, tafuteni sasa, wakati wa amani, namba za watu wawili au watatu walio karibu naye: anayeishi naye, mwenye nyumba, ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wa kigeni, na kiongozi wa kanisa au msikiti anaosali. Watanzania tunaoishi huku tuna jumuiya zetu katika miji mingi, na katika jumuiya hizo hakosekani mtu mwenye gari anayeweza kwenda kugonga mlango. Sijaona njia inayoishinda hiyo. Vilevile binti ahakikishe kwamba chuo kina jina lako kama mtu wa kupigiwa wakati wa dharura, na namba yako imeandikwa kuanzia na 255 bila ile sifuri ya mwanzo. Nimewahi kuona fomu ya mwanafunzi mwenzetu ambayo namba ya mzazi ilianza na 07, na namba ya namna hiyo haiendi popote ikipigwa kutoka Marekani. Hospitali za huku hubanwa na sheria ya faragha ya wagonjwa ya mwaka 1996, na kama jina lako halimo mahali popote katika kumbukumbu zake, utapata taabu kupewa habari kwa simu.

Zikipita siku bila habari yoyote, Msalaba Mwekundu wa Marekani husaidia kuwaunganisha ndugu waliopoteana baada ya majanga, na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kimo katika mtandao huo huo wa kimataifa wa kutafuta jamaa. Ubalozi wetu ulioko Washington nao ujulishwe. Kote huko toeni jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa maana jina la nyumbani halitamtambulisha kwa mtu anayesoma orodha.

Kuhusu kuhama, siwezi kumshauri mzee, isipokuwa nitamwambia kwamba tornado zimewahi kutokea katika majimbo yote 50 ya Marekani. Katikati na kusini mwa nchi hatari ni kubwa zaidi, hilo ni kweli, lakini kuhama chuo kwa sababu hiyo ni gharama kubwa kwa kinga ndogo. Binti atapata faida zaidi akijua chumba atakachokimbilia. Kama jengo lina chumba cha chini ya ardhi, ni hapo. Kama hakuna, ni chumba cha ndani kabisa katika ghorofa ya chini, kisicho na dirisha, kama vile bafu au korido, akiwa amevaa viatu na amekinga kichwa. Viatu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu baada ya upepo kupita sakafu yote huwa ni vioo na misumari.

Mwalimu wa Jiografia, Mpwapwa, alijibu:

Mama, umesema jambo la jirani kuangamia na mwingine kubaki salama limekushangaza. Ndiyo tabia ya tornado. Ni safu ya hewa inayozunguka kwa kasi kubwa mno, iliyounganika na wingu la mvua ya radi kwa juu na kugusa ardhi kwa chini, na upana wa njia yake mara nyingi ni mamia ya mita tu, ingawa ile ya St. Louis ilifikia karibu kilomita moja na nusu mahali ilipopanuka zaidi. Inaweza kusomba paa la upande mmoja wa barabara na kuacha nguo zimeanikwa upande wa pili. Kwa sababu hiyo, kujua kwamba mji umepigwa si kujua kwamba nyumba ya mtoto wako imepigwa, na familia inayoelewa hivyo itauliza swali lililo sahihi: imepita mitaa ipi? Katika siku zinazofuata, wataalamu wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutembelea eneo, hupima uharibifu na kutangaza njia nzima iliyofuatwa, pamoja na daraja la ukali wake kati ya 0 na 5, 5 ikiwa ndiyo kali zaidi. Ile ya St. Louis ilipewa daraja la 3.

Marekani hupata wastani wa tornado zaidi ya 1,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa hafifu. Hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu ya magharibi, huku hewa baridi ikipita juu, na pepo za matabaka tofauti zikivuma kwa kasi na mielekeo tofauti, basi mawingu makubwa ya radi huanza kuzunguka. Tornado haziko Marekani peke yake. Iliyoua watu wengi zaidi katika kumbukumbu za dunia ilitokea Bangladesh tarehe 26 Aprili 1989, ambapo inakadiriwa watu wapatao 1,300 walifariki, na hapa barani Afrika wakazi wa oThongathi, katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walipigwa tarehe 3 Juni 2024.

Naomba pia tusichanganye tornado na vimbunga vya baharini. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu mwezi Mei 2024 kilifuatiliwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa siku kadhaa kabla, na mtu mwenye ndugu Mafia au Kilwa alikuwa na nafasi ya kupiga simu na kusema hama leo. Tornado haitoi nafasi hiyo. Onyo lake hutangulia kwa dakika kumi hivi, wakati mwingine pungufu, na huko St. Louis ving'ora vya jiji havikulia kabla haijafika. Aliye Dodoma hawezi kumwonya aliye Missouri kwa muda huo. Kazi yake huanza baada ya tukio. Mimi ningependa wazazi walielewe hilo, kwa sababu nawaona wengi wakijilaumu kwamba walikuwa wamelala.

Huku kwetu, upepo unaoezua mapaa mwanzoni mwa msimu wa mvua, kati ya Novemba na Desemba, kwa kawaida ni hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi na kusambaa ardhini ikitangulia mvua. Unavuma kuelekea upande mmoja, hauzunguki. Vile vimbunga vya vumbi tunavyoviona viwanjani mwezi Septemba na Oktoba, anga likiwa safi, navyo ni kitu kingine, kwani hutokana na ardhi iliyochomwa na jua na havihitaji wingu lolote. Hata hivyo, kwa bibi aliyeko Mpwapwa, paa likiondoka limeondoka, na hatafarijika kwa kuambiwa upepo ule haukuwa tornado.

Mwananchi wa Kongwa alijibu:

Niongezee upande wa bibi, kwa sababu naona wengi tumeelekea Marekani.

Huku vijijini mtandao hukatika pamoja na umeme, na wazee wengi wana simu ya batani inayochajiwa dukani au kwa sola ya jirani. Simu ya mzee isipopatikana siku tatu inaweza kuwa haina chaji tu, lakini pia inaweza kuwa imelowa chini ya bati lililoanguka. Kwa familia yetu tumeweka namba za mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mwenye duka aliye karibu na kijana mmoja wa bodaboda. Huyo wa bodaboda ndiye mwenye faida kuliko wote. Tunamtumia nauli kwa simu, anakwenda, anamkuta mama, anampa simu yake azungumze nasi mwenyewe tukisikia sauti yake. Tulikubaliana naye kwamba asituambie tu mama hajambo, bali aangalie paa, ukuta wa jikoni, na kama chakula kimelowa, maana wazee wetu hawapendi kuwasumbua watoto na watasema hakuna tatizo hata wakiwa wanalala kwenye kona moja iliyobaki kavu.

Jambo jingine ni paa lenyewe. Mama, mtafute fundi kabla ya Novemba. Mapaa mengi niliyoyaona yakiezuliwa huondoka na kenchi zake zote, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, kwa sababu kenchi ziliwekwa juu ya ukuta bila kufungwa. Fundi mzuri huacha nondo zikichomoza kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, na kuzikunjia juu ya mbao. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, anaweza kutoboa ukuta kozi kadhaa za matofali chini ya paa na kupitisha waya mzito unaoikaza kenchi. Aangalie pia misumari ya bati pembeni, ambako upepo huingia kwanza na kuanza kulifunua bati. Mawe yanayowekwa juu ya bati hayasaidii upepo ukiwa mkali, na yakianguka yanamjeruhi aliye ndani.

Mtumishi wa Ihumwa alijibu:

Nina neno fupi kuhusu zile video. Baada ya kila janga, video za zamani na za nchi nyingine husambazwa kana kwamba ni za siku hiyo, na siku hizi zipo hata zilizotengenezwa kwa akili bandia. Katika ukoo wetu tumekubaliana kwamba hakuna kurusha picha ya janga lolote hadi yule mpokeaji mmoja wa habari athibitishe kwamba amezungumza na mhusika. Mzazi mwenye shinikizo la damu anaweza kuugua kwa picha ya mtaa ambao mtoto wake hajawahi hata kuukanyaga.

Tena kuweni macho na matapeli. Habari ikishatangazwa, hujitokeza mtu akijifanya rafiki wa mtoto, anasema mtoto yuko hospitali na zinahitajika fedha haraka, tuma kwa namba hii. Kubalianeni na binti swali moja ambalo jibu lake analijua yeye na familia tu, na msitume hata shilingi kabla ya kupata jibu hilo.

Mama wa Nkuhungu alijibu:

Marahaba mwanangu wa Kondoa, na asanteni wote. Nimemsomea baba yake majibu haya, na suala la kuhama limetulia kwa sasa. Tumeamua kwamba mpokeaji wa habari atakuwa mwanangu mkubwa aliyeko Arusha, kwa kuwa yeye halali mapema na simu yake haizimwi. Namba ya kijana wa bodaboda wa Mpwapwa nimeshaipata, na fundi nimeagiza aende kuangalia paa la mama mwezi Oktoba.

Limebaki swali moja kwa Mkondoa wa Nashville. Asubuhi yetu ndiyo usiku wao. Nikisikia saa moja asubuhi kwamba kuna hatari huko, nimpigie binti nimwamshe, au nitakuwa namletea taharuki bure?

Mkondoa wa Nashville alijibu:

Mwamshe, mama. Tornado za usiku huua zaidi kwa sababu watu wamelala na hawaioni inapokuja. Ile iliyoupiga mji wa Mayfield, Kentucky, tarehe 10 Desemba 2021 ilifika kama saa tatu na nusu usiku, na huko Dodoma ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku iliyofuata, watu wanajiandaa kwenda kazini. Simu moja kwa wakati kama huo haiwezi kuwa taharuki bure, hasa kwa mwanafunzi aliyezima sauti ya simu ili asome.

Kuna tofauti moja tu ya kuzingatia. Tangazo la kwanza husema mazingira yanaruhusu tornado kutokea, nalo hufunika eneo kubwa kwa saa kadhaa. Hapo mtumie ujumbe achaji simu, aweke viatu karibu na asilale simu ikiwa imezimwa sauti. La pili ni onyo kwamba tornado imeonekana kwa macho au kwa rada. Hilo ukilisikia limetaja Jiji la St. Louis, piga mara moja, umwambie aingie katika chumba chake cha kujikinga, kisha ukate simu umwachie chaji. Simu yake inapaswa kupokea maonyo ya dharura ya serikali yenyewe kwa mlio mkali hata bila bando. Mwambie leo aingie kwenye mipangilio ya simu ahakikishe hajayazima. Pia kumbuka kwamba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba St. Louis iko nyuma ya Dodoma kwa saa nane, na miezi mingine kwa saa tisa, kwa sababu wao hubadilisha saa zao nasi hatubadilishi.